Shabaha za Migomba

Mkutano wa kijiji ulipofika mwisho, kazi ya kutengeneza shabaha niliichukua mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Mtendaji aliuliza nani anaweza kuandaa mahali pa kupimia bunduki, watu wakatazama viatu vyao, nikasimama. Nimekuwa seremala tangu ujana wangu kule Nyakisasa. Nimepitia mgambo. Kusoma nilijifunza katika darasa la jioni la watu wazima, nikiwa tayari na mke na mtoto, na tangu hapo sijaacha kusoma. Habari za bunduki nazo nimezisoma. Mtu mwenye sifa hizo akikaa kimya anataka abembelezwe, na mimi si mtu wa kubembelezwa.

Jambo lenyewe lilimhusu Aron Ndayisenga. Aron ndiye askari wa wanyamapori wa kijiji chetu, huku upande wa Nyantakara, na ni yeye peke yake mwenye ruhusa ya kutumia bunduki ya kijiji, ambayo hufungiwa katika kabati la chuma ofisini kwa mtendaji. Mwanzoni mwa kiangazi nyati dume alitoka hifadhini akaingia katika mihogo ya Malongo. Aron akaitwa. Alimkuta amesimama ubavu, kichwa kikiwa upande wa kulia, mchana kweupe, umbali ambao unaweza kumtambua jirani yako kwa mwendo wake. Akalenga bega, akafyatua. Risasi ikaingia tumboni, nyuma kabisa, karibu na paja. Nyati akakimbilia kichakani na jeraha lake.

Aron aliwaambia watu wote wasisogee upande ule mpaka askari wa wilayani wafike kumfuatilia yule mnyama. Malongo alisikia, lakini mihogo ilikuwa yake. Asubuhi alikwenda kuangalia hasara, nyati akatoka kichakani, akamrusha kama mtu anavyorusha mganda wa nyasi, akamvunja mguu. Askari walipofika walimuua nyati, wakambeba Malongo kwenye gari lao hadi hospitali.

Tangu hapo maneno yakawa mengi. Wengine walisema Aron alifumba macho alipofyatua. Wengine walisema mtu asiyekunywa pombe hana moyo wa kupiga nyati. Malongo mwenyewe, aliporudi na mguu wake ukiwa ndani ya plasta, alikwenda mbali zaidi. Alisimama mkutanoni kwa magongo yake akasema bunduki ya Serikali haikupaswa kuwekwa mikononi mwa mtu wa kuja.

Aron alizaliwa hapa hapa. Aliyekuja ni mama yake, Kanyange, aliyevuka kutoka Burundi na mimba yake mwaka wa vita. Malongo naye alikuja na ng'ombe wake kutoka Geita, wakati Aron ameshamaliza shule ya msingi. Huku kwetu kila mtu amekuja, mimi nikiwamo. Tofauti ni nani aliwahi kufyeka.

Aron alijibu mara moja tu. "Nililenga bega. Bunduki ilipeleka kushoto."

"Bunduki haina ubishi," Malongo akasema. "Inakwenda inakoelekezwa. Ingekuwa na akili yake, ingemkataa mshikaji."

Watu wakacheka. Aron hakucheka, wala hakukasirika mbele za watu. Alikaa, akaiweka kofia yake juu ya goti.

Mtendaji akasema ameshaongea na afisa wanyamapori wa wilaya, naye atakuja Alhamisi kuwapima wote wawili, bunduki na askari. Kama kosa ni la bunduki, litaonekana. Kama ni la Aron, ataachishwa, na kijiji kitatafuta mtu mwingine. Afisa alikuwa na sharti moja: akute shabaha imara, isiyoyumba, mahali pasipo na mawe wala njia ya watu. Akikuta karatasi inapepea kwenye fito, atageuza gari.

Hapo ndipo niliposimama. Nilikuwa katika kamati iliyomchagua Aron, na sikumchagua kwa huruma. Nilimchagua kwa sababu ukimwambia fika saa mbili, saa mbili unamkuta.

Watu hudhani shabaha ni karatasi. Karatasi ni kazi ndogo. Kazi ni kile kinachoishika. Kibao kikicheza kwa upepo, au kikisukumwa na risasi ya kwanza, risasi ya pili haikuambii kitu. Hujui kilichosogea ni bunduki au ni kibao. Misumari nayo haifai, maana risasi ikigonga chuma hujui itaelekea wapi. Na nyuma ya shabaha lazima pawe na kitu cha kumeza risasi, isije ikaenda kumtafuta mtu asiyehusika.

Hilo la mwisho lilikuwa rahisi. Kwenye uwanja wa zamani wa mnada kuna kichuguu kikubwa, kipana kama nyumba ya vyumba viwili, nacho ni udongo mtupu. Lililonisumbua ni vibao. Ardhi ilikuwa kavu, jembe likiipiga linarudi, na upepo wa mchana ulikuwa wa kupeperusha kuku. Jumatatu na Jumanne nilichora, nikafuta, nikachora tena. Jumatano asubuhi, nikiwa nakata majani ya mbuzi, nikapata jibu. Mgomba.

Shina la mgomba limejaa maji, ni zito, hivyo ukilifukia kwa kina cha mkono halitikisiki. Risasi inazama ndani yake bila kurudi. Halihitaji msumari, karatasi unaibana kwa vijiti ulivyovichonga ncha, navyo vinaingia kama kwenye siagi. Sikuwa nimesoma habari hiyo popote. Niliitoa kichwani mwangu, na nilifurahi kwa sababu hiyo hiyo.

Mke wangu Auleria alinikuta shambani na panga.

"Baba Francisca, hiyo migomba imekukosea nini?"

"Imeshazaa. Ilikuwa ikatwe."

"Ilikuwa ikatwe na mimi, nipate matandazo."

"Utapata matandazo yako kesho jioni."

"Yakiwa na matundu."

"Matundu ya bunduki ya Serikali. Wangapi wanayo?"

"Haya," alisema. "Ila hilo shati utalifua mwenyewe. Utomvu wa mgomba hautoki, nawe unaujua."

Nilikata mashina matatu yaliyonyooka, moja la kupimia bunduki, moja la Aron, na moja la akiba. Nilikata juu, palipoanza majani, nikapunguza chini, nikabaki na urefu wa mtu mzima ukiacha sehemu ya kufukia. Aron alikuja na mtaimbo na mkokoteni, tukayapeleka uwanjani. Yeye alichimba mashimo, mimi nikapima kwa kamba na timazi. Tulishindilia udongo mpaka mashina yakawa kama yameota pale. Kisha nikabana karatasi nyeupe ya manila kwenye kila shina, usawa wa kifua, na katikati ya kila karatasi nikachora duara jeusi kwa unga wa betri kuukuu.

Nilirudi nyuma hadi mahali pa mpigaji, nikageuka, nikatazama. Nimetengeneza madawati, milango ya kanisa na majeneza mengi. Kazi iliyosimama wima vile sikumbuki nyingi. Nilimwambia Aron asukume mojawapo kwa bega. Akasukuma. Halikucheza.

"Mzee, hii hata nyati akiiegemea itasimama," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha tangu ule mkutano.

Tulikuwa tunafuta jasho Kanyange alipofika. Alikuwa amemletea mwanawe chakula, bakuli limefungwa kwa kitambaa. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, mdogo kwangu kwa umri, na hajawahi kupita mbele yangu bila kunisalimu.

"Shikamoo, Mzee Gaspari."

"Marahaba, Mama Aron. Umetuletea nini leo?"

Alikuwa anatazama kule kwenye kichuguu.

"Nani amewasimamisha hawa?"

"Mimi," nikasema. Nilidhani ananisifu. "Hazitikisiki. Nenda ukajaribu."

Hakwenda. Aliweka bakuli chini, akavuta kitenge chake kikafunika kichwa, kama afanyavyo mwanamke anayeingia msibani.

"Aron," alisema. "Kesho utampiga yupi?"

Aron alikuwa ameshika mtaimbo. Alitazama lile shina la katikati, akaulaza mtaimbo chini. Akavua kofia.

Mimi bado nilikuwa sijaelewa. "Mama Aron," nikasema, "hiyo ni migomba. Imeshazaa, ni ya kukatwa. Kama unawaza ndizi, hapo hapana ndizi iliyopotea."

"Mzee Gaspari, sanduku ulilitengeneza wewe," alisema.

Ndipo nikakumbuka.

Mume wake, Ndayisenga, alimvusha hadi upande huu akiwa na mimba ya Aron, kisha akarudi kumchukua mama yake mzazi, na hakuonekana tena. Kanyange alimngoja miaka mingi. Haikuja habari, haukuja mwili, hakutokea hata mtu wa kusema nilimwona mahali fulani. Mwishowe wazee wa ukoo wao waliokuwa huku wakasema mtu hawezi kukosa kuzikwa kwa sababu hakupatikana. Kwa desturi yao walikata mgomba wa urefu wake, wakauvika shuka nyeupe, wakausimamisha mbele ya nyumba ili mke na mtoto wamuage. Kisha wakaulaza sandukuni, wakauzika, wakaweka msalaba wenye jina. Baada ya hapo ndipo Kanyange alipoweza kunyoa nywele, kumaliza matanga, na kuishi kama mjane, si kama mke anayechungulia barabara.

Sanduku nilitengeneza mimi. Nilikwenda na futi yangu nikaupima ule mgomba kama ninavyompima marehemu yeyote, bega na urefu. Kwangu ilikuwa kazi. Niliifanya vizuri, nikaenda kwenye kazi nyingine.

"Mimi baba sikumwona," Aron alisema. Hakuwa anazungumza na mtu hasa. "Nilichoonyeshwa ni kile. Nilikuwa darasa la tatu. Wakaniambia muage, nikamuaga."

Sikukubali mara moja. Kazi ilikuwa nzuri, jua lilikuwa limeshapita kichwani, na afisa alikuwa anakuja asubuhi.

"Mama Aron, nisikilize," nikasema. "Kesho mwanao anaweza kuachishwa. Kuna watu wameshajipanga kuja kucheka. Migomba hii nimeitoa shambani kwangu kwa mkono wangu, haina undugu na mtu. Jumapili utapika ndizi za shina lililokuwa jirani yake."

"Mgomba wa shambani una majani yake na watoto wake pembeni," Kanyange akajibu. Hakupandisha sauti. "Huu umeukata kichwa. Umeusimamisha peke yake, umeuvika nyeupe kifuani. Usiniambie ni wa ndizi."

"Basi nitoe karatasi nyeupe, niweke za kaki."

"Mzee," Aron akasema, "mzee wangu, mimi siwezi. Hata mkono ukikubali, jicho halitakubali. Kesho nikikosa, nitakosa kwa sababu hiyo, na hakuna atakayejua ila sisi watatu. Malongo atakuwa amesema kweli."

Hoja hiyo ndiyo iliyonishinda. Ya mama yake niliiheshimu, lakini hii ilikuwa hoja ya kazi. Shabaha ni kipimo, na kipimo kinachomtetemesha anayepimwa hakipimi bunduki wala mtu. Ningesimamisha mashina yangu mazuri pale, afisa angeyasifu, na Aron angeondoka uwanjani bila kazi kwa kosa langu mimi.

"Haya," nikasema. "Tuyatoe."

Nilikuwa tayari kuyapiga teke yaanguke. Kanyange akanizuia kwa mkono. Alibandua karatasi mwenyewe, akachomoa vijiti kimoja kimoja. Kisha tukachimbua mashina, na kila moja tukalilaza taratibu, mimi nimeshika chini, Aron juu. Kanyange aliyafunika kwa majani makavu, akasema maneno mafupi ya Kirundi, nami nikavua kofia yangu kwa kuwa Aron alikuwa ameshavua yake. Alipomaliza akafungua bakuli. Tukala ugali wa muhogo na maharage tukiwa tumechuchumaa kwenye kivuli cha kichuguu, wote watatu, na hakuna aliyerudi kwenye mazungumzo yale.

Nyumbani nilimkuta Auleria anatwanga. Aliniona napekua mabanzi kwenye karakana.

"Umerudi kwenye mbao? Mbao zilikuwa hapo tangu Jumatatu."

Nikamweleza. Aliacha kutwanga.

"Na mimi nilikuwepo siku ile," alisema. "Nilimshika mkono Kanyange. Leo asubuhi nakuona unakata, nikafikiria shati." Kisha akainuka. "Unataka nini?"

"Gundi."

"Gundi hakuna. Uji wa muhogo upo."

Nitaeleza vibao vya pili nilivyovitengeneza, kwa kuwa hadi leo watu wanakuja kuniuliza. Kila kibao kina miguu mitatu ya banzi, miwili mbele na mmoja nyuma, inakutana juu kama paa. Chini nilifunga mbao za kukingama, na juu ya mbao hizo likalazwa gunia lililojaa udongo. Upepo hausukumi gunia la udongo. Mbele nilivuta gunia la salfeti, nikalikaza kwenye miguu kwa vipande vya mpira wa baiskeli badala ya misumari, mpaka ukiligonga kwa kidole linalia kama ngoma. Juu yake nikabandika maboksi ya sabuni, tabaka juu ya tabaka, kwa uji mzito wa muhogo, na juu ya maboksi karatasi. Risasi ikipita hapo inatoboa tundu safi, haichani, na kibao hakijui kama imepita. Uzuri wa pili ni kwamba unaweza kukibeba.

Auleria alikoroga uji huku akilalamika kwamba karatasi zinapewa uji kabla ya wajukuu. Aron alikata mpira na kujaza magunia. Kabla giza halijaingia tulikuwa tumevisimamisha viwili mbele ya kichuguu. Sitasema vilikuwa vizuri kuliko migomba. Vilikuwa imara.

Alhamisi watu walijaa kuliko siku ya mkutano. Malongo aliletwa kwa pikipiki, na kiti chake kikaletwa kwa pikipiki nyingine, akawekwa mbele. Kanyange alikaa pembeni kwenye majani, ungo mapajani, akichambua maharage.

Zamani afisa wa wanyamapori tulimwita bwana nyama. Gari liliposimama akateremka mwanamke mnene aliyevaa sare, jina lake Evarista, na wazee wakatazamana, maana hawakujua wamwiteje. Auleria akatatua.

"Karibu, bibi nyama."

"Asante, mama," Evarista akasema. "Nimeshaitwa vibaya kuliko hivyo."

Alikwenda moja kwa moja kwenye vibao. Alikishika kimoja kwa mikono miwili akakitikisa. Akakisukuma kwa mguu. Akainama, akaangalia nyuma na chini, akagonga salfeti kwa kidole.

"Nani fundi?"

"Mimi," nikasema.

"Hiki hakiondoki," alisema, akaendelea na kazi yake. Wengine wangesema ni sifa ndogo. Mimi niliichukua.

Alipanga dawati la shule, akaweka juu yake magunia ya mchanga, akalaza bunduki ya kijiji kwenye magunia hayo. Alitueleza kwamba bunduki ikilala hivyo, mkono wa mtu haupati nafasi ya kukosea. Akawarudisha watu wote nyuma ya gari, akaweka vizibo masikioni, akapiga yeye mwenyewe kwanza, taratibu, akingoja pumzi kati ya risasi na risasi. Ng'ombe wa mbali waliinua vichwa. Kanyange hakuinua chake.

Tulikwenda kuangalia pamoja. Matundu yalikuwa matatu, yamekaa karibu karibu kama mafiga, lakini yalikuwa nje ya duara, upande wa kushoto, zaidi ya shibiri moja.

Evarista alirudi, akampa Aron bunduki, akamwonyesha kibao cha pili.

Aron alikaa kwenye dawati. Akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki. Alikawia sana hata Malongo akasema, kwa sauti ya kusikika, "Anamngoja nyati ageuke." Wachache wakacheka. Aron akafyatua. Akapakia, akafyatua tena, na tena.

Matundu yake yalikuwa yamebanana kuliko ya afisa. Mawili yalikuwa yamegusana. Nayo yalikuwa kushoto, shibiri na kidogo, kama yale ya kwanza.

Watu walianza kunong'ona. Malongo akatengeneza mguu wake kwenye kiti.

"Ninaona zote zimekwenda upande mmoja," alisema. "Afisa kushoto, askari kushoto. Basi inawezekana ni vibao vya Mzee Gaspari ndivyo vilivyokaa upande. Jana mchana nasikia kulikuwa na vingine, vikang'olewa. Kwa nini ving'olewe kama si ujanja?"

"Kibao hakirushi risasi," nikamwambia.

"Na mimi sirushi maneno. Nauliza."

Nilitaka kumjibu zaidi, lakini nikamwona Kanyange amesimamisha vidole vyake juu ya maharage. Jibu la swali lile lilikuwa kwake, si kwangu, na halikuwa la kutolewa mbele ya umati. Nikafunga mdomo, jambo ambalo sijalizoea.

"Ni swali la haki," Evarista akasema. "Ngoja tulijibu."

Alikwenda kwenye gari akatoa bunduki yake mwenyewe, ile anayotembea nayo kila siku. Akailaza kwenye magunia yale yale, akalenga kibao kile kile cha kwanza. Akapiga risasi mbili. Safari hii watu hawakungoja kuitwa. Matundu yote mawili yalikuwa ndani ya duara jeusi, unaweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa.

"Kibao kimenyooka," alisema.

Kisha akaichukua tena bunduki ya kijiji, akaigeuza kwenye mwanga, akaniita mimi na Malongo tuone. Juu ya mdomo wa mtutu kuna kipande kidogo cha chuma kama kucha, ambacho mpigaji hukilinganisha na kile cha nyuma anapolenga. Hicho kinaitwa kilengeo cha mbele. Kilikuwa kimelala kuelekea kulia, kidogo sana, na upande wa kushoto kilikuwa na alama ya kugongwa. Kilengeo cha mbele kikienda kulia, risasi inakwenda kushoto. Hilo nilikuwa nimelisoma, nikamweleza Malongo kabla afisa hajafungua mdomo. Bunduki iligongwa wapi na nani, haikujulikana. Mtendaji alisema haikugongwa ofisini kwake. Nina mawazo yangu, lakini mawazo si ushahidi.

"Kumbe ni kugonga kidogo tu," nikasema. "Nyumbani nina nyundo ndogo na kipande cha shaba."

"Mzee, wewe ni fundi wa mbao," Evarista akasema. "Chuma tumwachie mwenye chuma."

Akageukia watu. "Askari wenu ni mzima. Anapiga vizuri kuliko mimi, na nisingependa mlirudie hilo wilayani. Mgonjwa ni bunduki. Naondoka nayo."

Hapo furaha ikakatika. Watu wakauliza itarudi lini. Akasema ikipona. Wakauliza nani atazuia nguruwe na nyati, mihogo iko shambani na kiangazi bado. Akasema hawezi kuacha bunduki iliyopinda mikononi mwa mtu aliyenyooka, maana ikimkosesha mara ya pili hakutakuwa na vibao vya kumtetea. Alisaini kwa mtendaji, akaifunga bunduki kwenye turubai, akaondoka.

"Sawa," Malongo akasema vumbi lilipotulia. "Sasa tuna askari asiye na bunduki."

"Juzi mlitaka bunduki isiyo na askari," Aron akamjibu.

Nilidhani Malongo atakasirika. Alicheka, lakini kicheko chake kilikwisha haraka. Watu walikuwa wanaanza kutawanyika. Kanyange alipeperusha maharage yake mara mbili, akasimama, akajitwisha ungo, akaondoka bila kusema na mtu, akitembea kama mtu mwenye kazi nyumbani.

Malongo alijiinua kwa magongo. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumshika. Alipokwisha kusimama vizuri alimtazama Aron.

"Siku ile uliniambia nisiende kichakani."

"Nilikuambia."

"Nikakuambia mihogo ni yangu."

"Ulisema hivyo."

Malongo akatikisa kichwa polepole. Aliangalia vibao, akaangalia mguu wake. "Yale niliyosema mkutanoni," akasema, "nitayasema tena mkutanoni. Kwa namna nyingine. Hapa watu wameshaondoka."

"Sawa, mzee."

"Na nguruwe wamekuja tena. Wamefukua mstari mzima upande wa mtoni. Utakuja kuona, au mpaka bunduki ipone?"

"Nitakuja sasa hivi. Tutafunga madebe kwenye kamba, tuone kama wanapenda ngoma," Aron akasema. "Lakini nikikuambia kaa ndani, unakaa ndani."

"Nitakaa."

Aron akakichukua kile kiti, akakitia begani. Wakaelekea upande wa mihogo, Aron akipunguza mwendo ili magongo yamfikie.